Maswali ya Wasomaji: Arobaini, Nisfu Shaaban na Mpaka wa Uzushi katika Ibada

Barua za mwezi huu zimetoka karibu zote upande mmoja wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji, na kila moja kwa njia yake inauliza jambo lile lile: je, hili tunalolifanya ni ibada au ni bidaa, yaani uzushi katika dini? Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake wamo yatima, na waandishi wa hizo nyingine wanisamehe nikiwajibu kwa ufupi.

SWALI: Assalaam alaykum, maalim. Baba yetu alifariki wiki tatu zilizopita hapa Ujiji, akaacha wake wawili na watoto saba, wavulana wanne na wasichana watatu. Wawili wa mama mdogo bado ni wadogo kabisa, mvulana wa miaka tisa na msichana wa miaka sita. Kaka yetu mkubwa ametangaza hitima ya arobaini yenye turubai, ng'ombe na magunia ya mchele, na kwa kuwa fedha za rambirambi zimekwisha anataka kuuza injini ya boti ya marehemu ili shughuli isiwe ya aibu. Mdogo wetu aliyerudi kutoka masomoni anasema arobaini ni uzushi, kila uzushi ni upotevu, na atakayehudhuria ameshiriki upotevu huo. Kwenye kikao cha familia alimwita mzushi mjomba wetu, ambaye amesoma hitima katika mji huu tangu mimi sijazaliwa. Mjomba aliinuka, akachukua kofia yake juu ya mkeka, akatoka bila kuaga, na hajarudi. Mama zetu wote wawili wamo edani na kila mmoja analia kivyake. Nani mwenye haki katika hawa?
Binti wa marehemu, Ujiji

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah, binti yangu. Allah amrehemu baba yenu, ampe kauli thabiti, na awape subira mama zenu.

Niruhusu nianze na injini, kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na haramu kuliko kitu kingine chochote ulichokitaja. Mali ya maiti ina mpangilio unaojulikana: hutolewa kwanza gharama za kumzika, kisha madeni yake, kisha wasia wake kama aliuacha na haukuzidi theluthi, na kinachobaki ni cha warithi. Arobaini si gharama ya maziko, kwa kuwa baba yenu amekwisha kuzikwa, wala hukuniambia kwamba aliusia. Basi injini ile si ya kaka yako wala si ya "familia" kwa jumla. Ni ya watu tisa, kila mmoja kwa fungu lake. Tuseme wazazi wa marehemu walikwisha kutangulia, deni hakuna, na injini imeuzwa shilingi 1,760,000. Thumuni ya wake, yaani sehemu moja ya nane, ni 220,000, kila mjane 110,000. Zinabaki 1,540,000, zinagawanywa mafungu 11, kila msichana anapata 140,000 na kila mvulana 280,000. Kwa hiyo ndani ya sufuria la pilau ambalo kaka yako anataka kulipika mna shilingi 420,000 za watoto wawili ambao mmoja wao pengine hajajua bado kwamba baba hatarudi ziwani. Watoto hao hawawezi kuridhia, na hakuna mtu mwenye mamlaka ya kuridhia kwa niaba yao mali yao itolewe sadaka, hata angekuwa mama yao mzazi. Qurani imesema katika Suratun Nisaa, aya ya 10, kwamba wanaokula mali ya yatima kwa dhulma hawali matumboni mwao ila moto. Jambo hili halina Sunni wa mwelekeo huu na Sunni wa mwelekeo ule: wanachuoni wanaoipenda hitima na wanaoikataa wote wamelifungia mlango. Mwambie kaka yako asiiguse injini. Akitaka kumtolea baba yake, atoe mfukoni mwake au katika fungu lake baada ya mirathi kugawanywa.

Sasa tuje kwenye neno lililomwondoa mjomba nyumbani.

Msingi ambao mdogo wenu ameushika ni sahihi, na asidharauliwe kwa ujana wake. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alisema: "Mwenye kuzua katika jambo letu hili kisichokuwa humo, basi kitarudishwa." Na Irbadh bin Sariya amepokea wasia ambao ndani yake mna onyo la kujihadhari na mambo yanayozuliwa, kwa kuwa kila bidaa ni upotevu. Imamu Nawawi aliziweka zote mbili katika kitabu chake cha hadithi kiitwacho Arubaini, ya kwanza ni hadithi ya 5 na ya pili ni ya 28, na watoto wa madrasa nyingi hapa Ujiji wanazihifadhi kabla hawajajua kufunga kilemba. Neno "jambo letu hili" ndilo ufunguo wa hadithi: linazungumzia dini, wala halizungumzii injini za boti, taa za karabai, wala reli iliyofika Kigoma mwaka 1914.

Hata hivyo, wazee nao hawakusema ovyo wanapotaja "bidaa nzuri". Umar bin Khattab (r.a.) alitoka usiku mmoja wa Ramadhani akakuta watu msikitini wametawanyika, huyu anasali peke yake, yule ana watu wachache nyuma yake, akawakusanya nyuma ya Ubayy bin Kaab, na usiku mwingine alipowaona wamejipanga akasema, "Bidaa nzuri ni hii." Ila tazama alikusanya watu kwenye nini. Mtume mwenyewe aliisali swala ile pamoja nao masiku machache, kisha akaacha kutoka, akawaeleza kwamba alichelea isije ikafaridhishwa juu yao. Alipofariki na wahyi ukakatika, woga ule ukaondoka na asili ya swala ikabaki. Umar hakuzua swala, alirudisha safu. Vivyo hivyo hadithi ya Muslim ya "mwenye kuanzisha katika Uislamu mwendo mwema" ina kisa chake, na kisa chenyewe husahauliwa: walikuja watu wa Mudhar wakiwa masikini, wamejivika sufu, uso wa Mtume ukabadilika kwa kuwaonea huruma, akahimiza sadaka, na Ansari mmoja akaja na mfuko ambao kiganja chake kilikaribia kushindwa kuubeba, hapo watu wakafuatana. Sadaka ilikuwapo katika dini kabla ya mfuko ule. Yeye alikuwa wa kwanza kuinuka siku ile.

Kutokana na dalili hizi wanachuoni walitofautiana katika kuliita jambo jipya bidaa. Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, aliligawa jambo jipya katika hukumu tano, tangu wajibu hadi haramu, na Nawawi, wa madhehebu yetu ya Kishafii, akamfuata. Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 790, akaukataa mgawanyo huo, akasema bidaa ni njia iliyobuniwa katika dini ikafananishwa na sharia, na hiyo haina nzuri. Ukisikiliza majina tu utadhani hawa wawili hawawezi kusali safu moja. Ukitazama mifano yao utaona kwamba sehemu kubwa ya vile ambavyo Izzuddin aliviita bidaa ya wajibu, kama kuandika elimu ya nahau ili Qurani ifahamike, Shatibi naye aliviruhusu, ila hakuviita bidaa. Na yale ambayo Shatibi aliyakataa, Izzuddin naye mengi aliyakataa kwa ukali, kama nitakavyoonyesha katika jibu la pili. Ninachotaka mkishike nyumbani kwenu ni hiki: ukitaka kujua kama kitu kimeingia katika uzushi wa ibada, acha kwanza jina lake, uliza nani ameweka idadi yake, wakati wake, namna yake na ulazima wake. Kuweka mambo hayo ni haki ya Mwenye sharia. Mwanadamu akiyaweka kwa ajili ya kupanga shughuli zake, hilo ni jambo la mipango. Akiyaweka na kuamini kwamba thawabu imefungwa hapo, amekaa mahali pasipo pake.

Tuipime arobaini kwa kipimo hicho, na tusiipime ikiwa fungu moja, kwani ina vitu vinne vilivyofungwa pamoja kama mzigo wa dagaa.

Kuna kumsomea marehemu Qurani na kumwombea. Dua kwa maiti haina ubishi. Kuhusu kufika kwa thawabu za kisomo, kauli mashuhuri iliyonukuliwa kwa Imamu Shafii ni kwamba hazifiki, na wengi katika wafuasi wake walisema zinafika, hasa msomaji akimaliza kwa kumwomba Allah azifikishe. Hii ni hitilafu ya wanachuoni, na mjomba wako ana watu wakubwa nyuma yake.

Kuna sadaka. Saad bin Ubada (r.a.) alifiwa na mama yake akiwa hayupo, akamuuliza Mtume kama itamfaa akimtolea, akajibiwa ndiyo, naye akaitoa bustani yake. Sadaka haingoji siku ya arobaini. Ingeweza kutolewa jana.

Kuna karamu nyumbani kwa wafiwa, na hapa wazee wetu watanivumilia. Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muuta mwaka wa 8 Hijria, Mtume aliwaambia watu wawapikie jamaa wa Jaafar chakula, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Sisi tumeigeuza: wafiwa ndio wanaopika, na majirani ndio wanaokula. Jarir bin Abdillah alisema kwamba wao Masahaba walihesabu kukusanyika kwa watu wa maiti na kupika chakula baada ya kuzika kuwa ni sehemu ya kuomboleza kulikokatazwa. Imamu Shafii katika kitabu chake cha al-Umm amechukia mikusanyiko ya matanga hata ikiwa haina kilio, akasema inahuisha huzuni na kuleta gharama. Nawawi amenukuu kwa Ibn Sabbagh kwamba wafiwa kupika na kuita watu ni bidaa isiyopendekezwa. Na kama kuna anayedhani kwamba maneno haya ni ya vijana waliosoma nje, basi amuulize mjomba habari za Ahmad Zayni Dahlan, mufti wa Kishafii wa Makka aliyefariki mwaka 1886, mtetezi wa maulidi na mpinzani mkubwa wa Mawahabi, ambaye alitoa fatwa kwamba wanayoyafanya watu ya kukusanyika kwa wafiwa na kupikiwa chakula ni katika bidaa zinazopaswa kukatazwa, na mtawala anayezikataza hupata thawabu. Wapo waliotetea kulisha watu kwa ajili ya maiti katika siku saba za mwanzo, Suyuti akiwa mmojawao, wakategemea maneno yaliyopokewa kwa Tawus, mwanafunzi wa Masahaba. Lakini walichokitetea ni kulisha kwa nia ya sadaka, wala hawakutetea kumkopesha mjane mchele.

Kuna, mwisho, ile namba yenyewe. Katika sharia, siku za kufiwa zilizotajwa ni mbili tu: siku 3 kwa jamaa yeyote, na miezi 4 na siku 10 kwa mjane. Siku ya arobaini haimo. Wazee wengi wanaijua hoja hii na hujibu kwamba siku hiyo imechaguliwa ili ndugu walio Kasulu, Uvinza na ng'ambo ya ziwa wapate muda wa kufika. Jibu hilo lingenitosha, kama ningekuwa naliona likitendeka. Miaka kadhaa nyuma nilialikwa kwenye hitima moja wakati wa masika, na siku ya tukio mvua ilinyesha tangu alfajiri mpaka turubai likajaa maji katikati kama kiriba, tukawa tunalisukuma kwa mpini wa jembe ili yamwagike upande wa nje. Juzuu thelathini zilikuwa zimegawiwa, na mbili zililowa. Nikashauri shughuli isogezwe siku mbili mbele. Bibi mmoja aliyekuwa anachambua mchele mlangoni akanitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Maalim, kwani roho yake itasubiri?" Hakuwa anabishana nami, alikuwa anamhurumia marehemu. Hapo nilifahamu kwamba namba iliyoanza kama tarehe ya kikao imekwisha kuwa itikadi, na itikadi haiwekwi na mtu.

Kwa hiyo mdogo wenu amepatia katika namba na katika karamu, na amekosea katika mengine mawili. Amekosea alipokichanganya kisomo cha Qurani, chenye hitilafu ya maimamu, na mambo yasiyo na asili, akavitupa vyote katika kapu moja. Na amekosea zaidi alipolichukua jina la tendo akambandika mtu. Kusema "hili ni uzushi" ni hukumu juu ya jambo. Kusema "wewe ni mzushi" kunahitaji kujua kwamba mtu huyo amefikiwa na hoja, ameifahamu, hana mwanachuoni anayemtegemea, kisha akakaidi. Mjomba amewafuata maimamu kwa nia ya kumfaa shemeji yake. Ibn Taymiyya, ambaye hakuna anayemtuhumu kwa kuzilegezea bidaa, alipozungumzia maulidi alisema wapo wanaoyafanya ambao huenda Allah akawalipa kwa mapenzi yao na juhudi yao, si kwa ule uzushi. Kijana anayejinasibisha na mwanachuoni huyo angeazima na ulimi wake. Isitoshe, mjomba ni mahali pa mama. Hata angekuwa amekosa waziwazi, haambiwi neno lile mbele ya mkeka uliojaa watu.

Ninachowashauri ni kwamba mdogo wenu aende kwa mjomba kabla ya Ijumaa, asipeleke hoja, apeleke samahani tu. Mirathi igawanywe mbele ya mtu anayeijua na mashahidi, mafungu ya wale wadogo yaandikwe na kuhifadhiwa, na kama injini inaweza kuendelea kufanya kazi kwa ijara wakapata cha kula, itakuwa bora kuliko kuiuza. Anayetaka kumsomea baba amsomee usiku wa leo nyumbani kwake. Anayetaka kumtolea sadaka apeleke mchele kwa mwenye shida, bila turubai. Na majirani, kama wanasoma safu hii, wawapikie wajane hao.

SWALI: Maalim, sisi ni wavuvi wa dagaa Kibirizi. Kama unavyojua, mbalamwezi ikiwa pevu hatuingii ziwani, kwa hiyo usiku wa Nisfu Shaaban, yaani wa kumi na tano wa mwezi wa Shaaban, hutukuta nchi kavu na msikiti hujaa kuliko Ijumaa. Miaka yote tumesoma Yasini mara tatu, ya kwanza kwa nia ya umri mrefu, ya pili kuepushwa na balaa, ya tatu kutohitaji watu, kisha dua. Mwaka huu imamu wetu mgeni ametutangazia kwamba tutasali pia rakaa 100 alizozikuta kitabuni. Tumfuate?
Mvuvi, Kibirizi

JIBU: Rakaa hizo msizisali kwa jina hilo. Swala hiyo huitwa Alfiya, yaani ya elfu, kwa kuwa katika kila rakaa husomwa Kulhuwallahu mara kumi, na inajulikana hata ilipoanzia. Mwanachuoni Turtushi amenukuu kwamba alikuja Baitul Maqdis mwaka 448 Hijria mtu mmoja kutoka Nablus, mwenye sauti nzuri ya kisomo, akasimama kusali katika Msikiti wa Aqsa usiku wa Nisfu Shaaban. Akajiunga nyuma yake mtu mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, na hakumaliza ila wamekuwa kundi kubwa. Mwaka uliofuata wakaja wengi zaidi, ikaenea misikitini na majumbani kana kwamba ni sunna. Kutoka mwaka huo kurudi kwa Mtume ni zaidi ya miaka mia nne. Nawawi ameitaja hii pamoja na Swala ya Raghaib, ile ya rakaa 12 za usiku wa Ijumaa ya kwanza ya Rajabu, akasema zote mbili ni bidaa mbaya na watu wasidanganyike kwa kuziona zimetajwa katika vitabu viwili mashuhuri vya masufii. Izzuddin bin Abdissalam aliipinga Raghaib hadharani mjini Damascus. Nilikwisha kuwaambia kwamba hawa ndio wanachuoni walioikubali bidaa nzuri. Wangekuwa wanakubali kila kinachopendeza, hii ingepita, maana ni swala, ni Qurani, ni usiku. Walikataa kwa sababu idadi na wakati vimewekwa na asiyekuwa na haki ya kuviweka.

Usiku wenyewe ni jambo jingine. Kuna hadithi zilizopokewa na Ibn Majah na Ibn Hibban kwamba Allah huwatazama viumbe wake usiku huo akawasamehe, isipokuwa mshirikina na mwenye chuki na mwenzake, na baadhi ya wanachuoni wamezikubali kwa kuungana njia zake. Imamu Shafii ametaja kwamba umemfikia usemi kuwa dua hujibiwa katika masiku matano, na huu ni mmojawao. Basi anayetaka kusali rakaa zake mbilimbili, asali bila kujifunga hesabu. Anayetaka kuomba, aombe.

Kuhusu Yasini tatu na nia zake tatu, kusoma Yasini ni kusoma Qurani na hakuna anayeweza kulaumu herufi zake. Mpangilio wa mara tatu na nia moja kwa kila mara haukutoka kwa Mtume, na mimi msikitini kwangu siuongozi. Lakini mkinialika sitasimama mlangoni kuwazuia. Nitakaa, nitasoma, na baada ya dua nitawaambia ninayowaambia hapa, kwamba anayeisoma mara moja au mara nne hajapungukiwa kitu. Tofauti kati ya Yasini hizo na rakaa za imamu wenu ni kubwa: moja ni mazoea yaliyojengwa juu ya tendo lililowekwa, nyingine ni swala mpya yenye jina, idadi na namna.

SWALI: Msikitini kwetu Mwanga kuna vita vya Qunuti, ile dua inayosomwa kwa kusimama ndani ya swala. Imamu akiinua mikono katika alfajiri, nusu ya safu inainua naye na nusu inaning'iniza mikono, na wapo wanaotoka na kwenda kusali upya uani kwa sababu, wanasema, wamesali nyuma ya mzushi. Hao hao wanasema kutamka "usalli", yaani kuitamka nia kwa ulimi kabla ya swala, ni uzushi pia. Je, swala zetu za miaka yote zimekwenda bure?
Muumini, Mwanga

JIBU: Hazikwenda bure, na wanaosali upya uani wanajichosha. Qunuti ya alfajiri ni hitilafu ya fikihi, na hitilafu ya fikihi haigeuki kuwa bidaa kwa sababu tu upande mmoja una sauti kubwa. Shafii ameiona sunna baada ya rukuu, na anayeisahau husujudu sijida ya kusahau. Malik naye ameikubali, lakini kabla ya rukuu na kwa siri. Abu Hanifa na Ahmad hawakuiona katika alfajiri ya kawaida. Kila upande una riwaya. Wanaoikubali wanategemea hadithi ya Anas kwamba Mtume hakuacha kuisoma katika alfajiri mpaka alipofariki, nayo ina maneno katika isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake. Wanaoikataa wanayo ya Abu Malik al-Ashjai, aliyemuuliza baba yake, ambaye alisali nyuma ya Mtume na makhalifa, naye akamjibu, "Mwanangu, hilo limezuliwa." Naam, neno lenyewe la uzushi limo katika riwaya hiyo, na Tirmidhi ameipokea. Shafii na Malik walikuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa hadithi za Madina, na bado hawakuona kwamba inakata shauri. Kutoka kwa Imamu Ahmad, asiyeiona Qunuti hiyo, imenukuliwa kwamba anayesali nyuma ya anayeisoma amfuate na aitikie amina katika dua yake. Imamu wa madhehebu anaitikia amina, na mfuasi wake anatoka uani!

Kuhusu "usalli", mahali pa nia ni moyoni kwa makubaliano ya wote. Mashafii wa baadaye walipendekeza kuitamka ili ulimi uusaidie moyo, na Ibn Qayyim akalikataa hilo kwa kuwa halikupokewa. Mimi nimeona faida yake kwa wazee wanaosahau wamo katika adhuhuri au alasiri, na nimeona madhara yake kwa kijana mmoja aliyekuwa anairudia mara saba, nane, mpaka imamu anarukuu naye bado yumo katika "fardha". Huyo nilimkataza kuitamka, na akapona.

SWALI: Kijana mmoja amesema kipaza sauti ni bidaa, tukamcheka. Lakini mwadhini wetu amekwenda Tabora kwa mwanawe, na tangu aondoke tunaweka simu mbele ya kipaza sauti na kucheza adhana iliyorekodiwa Makka, nzuri kuliko ya mwadhini wetu. Yule kijana ametucheka sisi sasa. Nani wa kuchekwa?
Mjumbe wa kamati ya msikiti, Gungu

JIBU: Kuhusu kipaza sauti mlimcheka kwa haki, ingawa kumcheka si jibu. Kipaza sauti ni chombo cha kufikisha kitu kilichowekwa, na mfano wake wa zamani ni Uthman bin Affan (r.a.): watu walipokuwa wengi Madina aliongeza wito wa Ijumaa mahali paitwapo Zawraa, sokoni, ili wafanyabiashara wapate habari mapema, na Waislamu wakaendelea nao.

Kuhusu simu, kijana amewapata. Adhana yenyewe ni ibada, ina nia na ina mtu anayeitekeleza. Mtume alimwambia Malik bin Huwayrith na wenzake, swala ikifika basi mmoja wenu awaadhinie. Amesema mmoja wenu. Rekodi haina nia, haikuingiliwa na wakati, na aliyesoma huenda saa ile amelala. Wanachuoni wa zama hizi walio wengi wamefutu kwamba haitoshelezi. Uzuri wa sauti si hoja. Katika kamati yenu hakosekani mtu mzima anayejua maneno kumi na tano ya adhana pamoja na nyongeza ya alfajiri. Kipaza sauti kibaki, simu izimwe, na leo magharibi asimame mmoja wenu, hata akiwa na sauti ya kukwaruza, mpaka mwadhini atakaporudi na treni.